Faksi bila mashine: Waraka wako hupita wapi hadi ng'ambo?

WAKO watu wanaoamini kwamba faksi ilikufa kitambo, ikazikwa kaburi moja na telex na vibanda vya simu vya sarafu. Kwa hapa kwetu, imani hiyo haina kosa kubwa. Afisi nyingi jijini Nairobi ambazo katika miaka ya tisini zilijivunia mtambo wa faksi kando ya meza ya karani, leo hutumia barua pepe, na simu za waya zenyewe zimepungua mno.

Ng'ambo mambo ni mengine. Nchini Uingereza, uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2018 na chuo cha madaktari wa upasuaji, Royal College of Surgeons, uligundua kwamba hospitali za umma za England zilikuwa na mashine za faksi zipatazo 9,000. Serikali ikakataza kununuliwa kwa nyingine kuanzia Januari 2019, na kuagiza zilizoko ziachwe kufikia mwisho wa Machi 2020. Huko Japani, waziri Taro Kono alipojaribu mwaka wa 2021 kuziondoa katika afisi za serikali, alipata upinzani kutoka kwa maafisa wenyewe. Na Marekani, nchi iliyotuletea intaneti, hospitali na maduka ya dawa bado hupokezana karatasi kwa faksi, huku idara ya ushuru, IRS, ikiendelea kupokea baadhi ya fomu zake kwa njia hiyo hiyo.

Msomaji wetu mmoja wa mtaa wa Donholm anaujua ukweli huu vizuri. Anaandika kwamba dada yake alilazwa hospitalini huko Dallas, akapona kiasi, akarudi nyumbani. Daktari anayemtibu sasa hapa Nairobi anataka kuona rekodi za matibabu ya kule kabla ya kumbadilishia dawa. Afisi ya rekodi ya hospitali ile ilitoa sharti moja: mgonjwa ajaze fomu ya idhini, atie sahihi, aitume kwa faksi.

Basi msomaji wetu akaenda saiba. Kijana wa pale akaipiga fomu picha, akaituma "kwa intaneti", na baada ya dakika moja hivi akamwonyesha neno "imetumwa" kwenye kioo cha kompyuta. Akalipa, akaondoka. Wiki mbili zimepita na hospitali inashikilia kwamba haijaona kitu. "Je, hizi faksi za intaneti hufika kweli, ama nilitupa pesa zangu?" anauliza.

Hufika, tena hufika vizuri. Lakini ni lazima mtumaji ajue kwamba waraka wake husafiri kwa vyombo viwili, si kimoja. Ni kama abiria anayetoka Nairobi kwenda kijijini: basi humfikisha mjini, na kutoka hapo hutafuta boda boda ya kumpeleka hadi langoni. Intaneti ni basi. Kipande cha mwisho, kutoka kwa kampuni ya kutuma faksi hadi kwenye mashine iliyoko mezani kule hospitalini, kwa kawaida bado ni simu inayopigwa kwa nambari na kujibiwa. Huenda neno "imetumwa" alilosomewa msomaji wetu lilitoka kwa makanga wa basi.

Milio ile ina maana

Ili kuelewa kipande hicho cha mwisho, tuanze na faksi ya kale. Aliyewahi kuinua simu akakutana na mlio wa faksi anaujua: piii, kimya, piii, halafu ngurumo kama ya maji yanayochemka. Ule haukuwa uharibifu wa laini. Yalikuwa mazungumzo.

Mashine inayopiga hutoa mlio wa nusu sekunde, hunyamaza kwa sekunde tatu, kisha hurudia, ikisema kwa lugha yake, "Mimi ni faksi, si mtu." Mashine ya upande wa pili hujibu kwa mlio mrefu wa sauti ya juu zaidi. Baada ya salamu huja mapatano: wewe unaweza kwenda kwa kasi gani, ukubwa wa karatasi yako ni upi? Mashine inayotuma hurusha sauti ya majaribio. Kama laini ina kelele, zote mbili hukubaliana kupunguza kasi. Ndipo ukurasa hutumwa, na ukimalizika mpokeaji hutakiwa kusema kama ameupata. Kanuni hizi za mashine za kizazi cha tatu, ambazo ndizo zilizoenea duniani kote, zilipitishwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mwaka wa 1980.

Na ukurasa wenyewe hutumwaje kwa sauti? Mashine huusoma kwa mistari myembamba kutoka upande mmoja hadi wa pili, kila mstari ukiwa na nukta 1,728. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe. Hakuna kijivu wala rangi nyingine. Karatasi ya A4, kwa kipimo cha kawaida cha mistari 3.85 katika kila milimita, hutoa karibu nukta milioni mbili. Zikitumwa moja moja kwa kasi ya 9,600 kwa sekunde, ukurasa mmoja ungechukua karibu dakika tatu na nusu.

Hapo ndipo pana ujanja ninaoupenda. Karatasi nyingi sehemu kubwa ni nyeupe tupu. Badala ya kusema "nyeupe, nyeupe, nyeupe" mara 1,728, mashine husema tu "nyeupe 1,728". Katika msimbo wa faksi, mstari mzima usio na maandishi hupunguzwa hadi tarakimu 17 za sufuri na moja, bila kuhesabu alama ya kumaliza mstari. Ndiyo sababu barua fupi ilipita upesi na ukurasa uliojaa jedwali ukakawia, na mwenye duka la simu akatabasamu, maana kwa faksi za ng'ambo dakika ndizo zilizolipiwa.

Intaneti haina subira

Mtu atauliza: kwa nini tusichukue milio hiyo tukaipitisha kwenye intaneti kama tunavyopitisha sauti za watu? Tatizo ni kwamba intaneti haipeleki kitu kizima kizima. Hukikata vipande vidogo, yaani pakiti, na kila pakiti hujitafutia njia. Nyingine huchelewa, nyingine hupotea. Wewe na shangazi yako mkizungumza, silabi moja ikimezwa mtaelewana. Faksi haivumilii hivyo. Kwake, kimya cha sehemu ndogo ya sekunde kinaweza kuharibu mistari kadhaa ya ukurasa au kukata mazungumzo yote.

Isitoshe, kampuni za simu za intaneti mara nyingi huibana sauti ili ichukue nafasi ndogo. Mbinu hizo zilibuniwa kwa kuzingatia koo na ulimi wa binadamu. Mlio wa faksi ukipitishwa humo hutoka umepotoka, kama mtu aliyekariri Kiarabu asichokielewa.

Wataalamu wa ITU walitoa majibu mawili mwaka wa 1998. La kwanza, liitwalo T.38, huweka mlango kila upande wa intaneti. Mlango wa kwanza husikiliza milio, huifasiri kuwa tarakimu, huzipeleka tarakimu hizo kwa pakiti, na mlango wa pili huzigeuza kuwa milio tena. Kwa kuwa pakiti hupotea, kila moja huweza kubeba pia nakala ya yaliyokuwa katika pakiti zilizotangulia. Mashine zote mbili hudhani zimeunganishwa kwa waya wa kawaida.

Jibu la pili, T.37, halina haraka. Ukurasa hufanywa picha, hutiwa katika barua pepe, hupelekwa hadi kituo fulani, huhifadhiwa hapo, kisha hutumwa mbele. Huduma nyingi za kutuma faksi kutoka kwa kompyuta au simu ya mkono hufuata wazo hili la kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye, hata kama mitambo yao ya ndani inatofautiana. Unapakia waraka, unaandika nambari, kompyuta ya kampuni inaugeuza kuwa nukta nyeusi na nyeupe, inauweka kwenye foleni, na zamu ikifika inapiga simu.

Nambari iliyogeuzwa nyuma mbele

Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa miaka mitano kabla. Mwaka wa 1993, Wamarekani wawili, Carl Malamud na Marshall Rose, walianzisha jaribio lililojulikana kama TPC.INT. Nia yao ilikuwa kwamba mwenye barua pepe aweze kumfikia mtu yeyote mwenye faksi, bila kulipia simu ya mbali.

Waliitumia nambari ya faksi kuwa anwani, lakini wakaiandika nyuma mbele, tarakimu moja moja, ikitenganishwa kwa nukta. Si mchezo. Anwani za intaneti husomwa kutoka kulia: katika jina linaloishia na .ke, Kenya ndiyo hutafutwa kwanza, kisha yaliyo kushoto. Nambari ya simu ni kinyume chake, msimbo wa nchi huanza kushoto. Ukiigeuza, intaneti huweza kuifuata kama anwani nyingine yoyote: nchi, halafu mji, halafu mtaa.

Barua ilipofuata anwani hiyo iliishia kwenye kompyuta ya mtu aliyejitolea katika mji ule, naye akaipiga kwa simu ya mtaani. Kwa kuwa katika miji mingi ya Marekani simu za karibu hazikutozwa kwa dakika, huduma iliweza kutolewa bure. Pale ambapo hapakuwa na mtu wa kujitolea, barua haikuwa na pa kushukia. Fikiria tofauti na hali yetu wakati huo, ambapo simu zote zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu na mwanafunzi aliyetafuta nafasi katika chuo cha ng'ambo alilipia kila ukurasa kwa viwango vya simu ya nje.

Kampuni za biashara zilifuata, na leo huduma hii inauzwa kwa ukurasa au kwa mwezi. Ziko za bure pia, ambazo kwa kawaida huruhusu kurasa chache na kubandika tangazo lao kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa barua ya maombi ya kazi singezitumia.

"Imetumwa" ya nani?

Turudi kwa msomaji wetu. Anayetumia faksi ya intaneti hupata majibu mawili kwa nyakati tofauti. La kwanza hutoka kwa kampuni papo hapo, likisema waraka umepokelewa na uko foleni. La pili huja baadaye, kwa kawaida kwa barua pepe, baada ya simu kupigwa. Hili la pili ndilo lenye uzito, kwa maana hutegemea lile jibu la mwisho la mashine kwa mashine: "Ukurasa nimeupata."

Kati ya jibu la kwanza na la pili, mengi yanaweza kutokea. Mashine ya upande wa pili inaweza kuwa inatumika, na afisi ya rekodi ya hospitali kubwa huweza kuwa hivyo mchana kutwa. Inaweza kuwa imeishiwa karatasi. Simu inaweza kujibiwa na binadamu. Kampuni hujaribu tena mara kadhaa, kisha hukata tamaa na kukuandikia kwamba imeshindwa. Sasa, barua hiyo ya kushindwa huenda kwenye anwani iliyotumika kufungua akaunti. Katika saiba, anwani hiyo ni ya saiba. Huenda jibu kuhusu fomu ya dada yake limelala huko wiki mbili, chini ya matangazo, na hakuna aliyelisoma.

Kwa hivyo msomaji wetu arudi pale aombe kuonyeshwa jibu la pili, lenye nambari iliyopigwa, saa, idadi ya kurasa na matokeo. Kama lasema ilishindwa, fomu itumwe upya. Kama lasema ilifika, alichapishe na ampigie karani wa rekodi amtajie saa hiyo, kwa sababu mashine kukiri imepokea si sawa na mtu kuisoma. Karatasi huangukia trei moja na nyingine hamsini. Asisahau majira: saa kumi na moja jioni hapa Nairobi ni saa tatu asubuhi kule Dallas wakati wao wa kiangazi, na saa mbili wakati wa baridi.

Kabla ya kutuma upya, aikague nambari. Huduma hizi hutaka msimbo wa nchi, kisha nambari, bila sufuri za kupigia simu ya nje. Marekani ni 1, kisha tarakimu kumi. Uingereza huwachanganya wengi: nambari ya London iandikwayo 020 nyumbani kwao huwa 44 20, ile sufuri ya mbele ikatoka. Yetu ni vivyo hivyo, 020 ya Nairobi huwa 254 20.

Na aikague picha yenyewe. Nimetaja kwamba faksi haijui kijivu. Fomu iliyopigwa picha kwa simu juu ya meza, kivuli cha mkono kikiwa kimeangukia pembeni, machoni petu inasomeka. Kwenye faksi kile kivuli hugeuka doa jeusi tititi na kumeza maandishi. Muhuri mwekundu uliopigwa juu ya sahihi hufanya vivyo hivyo. Kalamu ya samawati iliyofifia nayo hupotea kabisa. Heri kujaza kwa wino mweusi na kutumia skana, kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha kutazama matokeo kabla ya kubonyeza. Pakiwa na maandishi madogo, chagua kipimo kizuri zaidi, ambacho huongeza mistari maradufu. Muda nao huongezeka, lakini jina la dawa litasomeka.

Kuna jambo jingine dogo lisilotajwa mara nyingi. Wamarekani hawatumii A4. Karatasi yao ni pana kidogo kuliko yetu lakini ni fupi kwa milimita 18. Mashine nyingine huipunguza picha ili itoshe, nyingine humwaga mistari ya mwisho kwenye ukurasa wa pili. Katika fomu nyingi, mstari wa mwisho ndio wenye sahihi. Acha nafasi chini.

Nani mwingine ameiona?

Sababu moja inayotajwa na wapenzi wa faksi ni usiri. Wanasema barua pepe huibwa, faksi haiibwi. Mimi sikubaliani nao sana. Faksi ya kawaida haifichwi kwa msimbo wowote wa siri. Anayenasa laini anaweza kuinasa karatasi. Ikipitia intaneti, usalama wake hutegemea kila hatua: uliipakia kwenye ukurasa uliolindwa au uliituma kwa barua pepe ya kawaida? Kampuni inafuta nakala baada ya kutuma, au inaihifadhi hadi mteja aifute? Kompyuta ya saiba nayo, je, picha ya fomu imebaki pale mezani kwa kila ajaye?

Rekodi za matibabu si karatasi ya mchezo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti, na Marekani wana sheria yao ya mwaka wa 1996, HIPAA, ambayo huzibana hospitali zao. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kuirudisha karatasi iliyokwenda kwa nambari yenye tarakimu moja isiyo sahihi. Msomaji akae na kijana wa saiba, waisome nambari pamoja kwa sauti, na picha ifutwe akiwepo.

Mwisho ni suala la jibu. Hospitali ikikubali idhini, huenda nayo ikataka kutuma rekodi kwa faksi. Kampuni za intaneti hukodisha nambari za kupokelea: mashine ya Dallas hupiga nambari hiyo, kompyuta ya kampuni hujibu kwa milio ile ile, hupokea kurasa, huzigeuza kuwa faili ya PDF na kuziweka katika barua pepe ya mteja. Hapo safari imegeuzwa, boda boda kwanza kisha basi. Ni huduma nzuri, ila nambari hiyo si mali yako. Ukiacha kuilipia, kampuni huweza kumpa mteja mwingine, na hospitali isiyojua itaendelea kutuma. Kama daktari wa hapa Nairobi ana anwani ya barua pepe iliyolindwa, au hospitali ina ukurasa wa wagonjwa wa kujipakulia rekodi zao, omba hiyo kwanza. La sivyo, ikodishe nambari hadi kurasa zote zifike na kuhesabiwa, kisha mwarifu karani wa rekodi, kwa maandishi, kwamba nambari hiyo si yako tena.